Ukili: Fumbo Linalokaliwa

Wapo miongoni mwetu wanaoburudika kwa kuunganisha vipande vya picha, mchezo ulioanza London miaka ya 1760, John Spilsbury alipokata ramani zilizobandikwa ubaoni ili watoto wajifunze jiografia. Kwa maoni yangu, wapenzi hao wangefaidi zaidi kwa kusuka ukili. Miyaa huanikwa, huchanwa kuwa chane, nyingine hutiwa rangi, kisha husukwa utepe mrefu unaoshonwa ubavu kwa ubavu hadi uwe mkeka. Hapo ndipo penye fumbo: nakshi sharti zilandane, na hakuna picha ya kufuatiza. Jicho hupima, mkono huamua, akili hutulia. Vipande vya picha vikikamilika huvunjwa, mkeka hukaliwa.

Isitoshe, sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeyakariri maneno ‘chane’ na ‘ukili’ kamusini bila kuvigusa vitu vyenyewe. Neno lisilo na mkono wa kulitumia hudhoofika. Chama chetu na kimwalike msukaji mikeka kutoka Pwani, alipwe kama mhadhiri mgeni, atufunze. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.