Karani Asiye na Uso

Jumamosi moja asubuhi tulikwenda watu watatu wa chama chetu kutazama maonyesho ya picha katika nyumba moja ndogo hapa Dar es Salaam. Wachoraji watano walikuwa wameungana kutundika kazi zao, wala hapakuwa na kiingilio. Hata hivyo mlinzi wa mlangoni alitutazama kidogo, kisha akatuuliza kwa adabu kama tumeleta barua. Hatumlaumu. Yaonekana hakuzoea kuwaona makarani wakiingia mle kwa kutazama tu. Tulipotia sahihi katika daftari la wageni tuliona majina mengi ya watu wa ng'ambo, na ya wenyeji machache mno.

Wengi wetu husema kwamba picha ni starehe ya wageni na matajiri. Neno hili si kweli. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la namna nzima ya uchoraji, alitoka Tunduru akaja mjini kutafuta riziki kama sisi, akapata kuajiriwa katika hospitali ya Muhimbili. Alichora kwa rangi ya mafuta, ile ipakwayo baiskeli, juu ya vipande vya ubao mwembamba. Alifariki mwaka 1972, na kazi aliyoianza ingali ikiwalisha watu wengi hata leo. Naye Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyefundisha uchoraji Makerere, alikuwa mtumishi wa serikali pia: baada ya Uhuru wa mwaka 1961 aliiwakilisha Tanganyika mjini London. Picha yake ya watu wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku ilinunuliwa mwaka 1960 na Museum of Modern Art ya New York. Basi mtoto wetu akitaka kuiona picha ile ya arusi ya nyumbani kwao, hana budi avuke bahari. Wa ng'ambo hawakutuibia. Walinunua sisi tulipokuwa tukipita.

Lakini jambo lililotuchoma siku ile lilikuwa jingine. Katika chumba cha pili palikuwa na picha ya watu waliopanga mstari mbele ya dirisha la ofisi. Nyuso zao zilichorwa kwa uangalifu: mzee mwenye kofia, mama aliyebeba mtoto, kijana mwenye karatasi zilizokunjika. Nyuma ya dirisha alikaa karani, naye hakuwa na uso. Palikuwa na mkono tu, na muhuri.

Mwenzetu mmoja alikasirika akasema kuwa hii ni dharau kwa watumishi wote. Mchoraji alikuwa karibu, akasikia. Hakujibu kwa ukali. Alisema alifuata cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake siku tatu mfululizo, na kila alipojaribu kukumbuka sura ya aliyemhudumia hakuipata, kwa maana yule bwana hakuinua macho hata mara moja. Aliuona mkono, akauchora mkono. Tulinyamaza. Kila mmoja wetu alikuwa akiuhesabu mstari wa dirishani kwake mwenyewe.

Twajua udhuru wetu, nao si wa uongo. Mafaili ni mengi, watu ni wachache, na mtu aliyekaa dirishani tangu asubuhi huchoka. Lakini raia hauoni uchovu ule. Malalamiko yakiandikwa hujibiwa kwa barua, nayo barua hutiwa jaladani ikasahauliwa. Picha ile haikuweza kujibiwa kwa barua. Ndiyo faida ya kwenda mahali kama pale: mtu hujiona kama aonwavyo na wengine, wala hakuna mkubwa amkemeaye.

Wengine watasema kwamba mshahara hautoshi kununua picha. Twakubali kwa mtu mmoja mmoja, ingawa zipo mbao ndogo zilizouzwa kwa fedha isiyozidi ile tutoayo katika mchango wa arusi moja. Lakini kutazama hakuna gharama, na tulicho nacho kama chama kingetosha. Kwa hiyo twaleta mashauri mawili. Kwanza, kila tawi liwapeleke wanachama wake, pamoja na watoto wao, kutazama maonyesho ya wachoraji wa hapa japo mara moja kwa mwaka. Pili, mkutano mkuu ukubali kutenga fedha kidogo ili chama kinunue picha moja kila mwaka na kuitundika katika chumba chetu cha mikutano.

Na ya kwanza iwe ile ya karani asiye na uso. Mwenzetu aliyekasirika angali akipinga. Asema hatuwezi kununua tusi letu wenyewe kwa fedha zetu. Sisi twaona kwamba heri likae ukutani kwetu, tukalitazama kila tuketipo kuzungumza habari ya mishahara na vyeo, kuliko kwenda ng'ambo likatusimulie kwa watu tusiowajua. Wenye shauri jingine na waandike. Nafasi yao imo katika kurasa hizi.