Mshika Uzi na Mlango wa Jirani

Katika jimbo la Gujarat, magharibi ya India, wako mafundi wa Kihindu waitwao Suthar, ambao kazi yao ya kurithi ni useremala. Jina hilo latokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya "mshika uzi", yaani uzi wa kupimia mbao kabla ya msumeno kupita. Kwa itikadi yao, mlezi wa ufundi ni Vishwakarma. Siku ya kumuadhimisha husafisha randa na patasi zao, wakazipumzisha.

Kazi ya mikono yao yaonekana katika mji mkongwe wa Ahmedabad, ulioasisiwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411. Humo, nyumba za Wahindu, za Wajaini na za Waislamu zina nguzo, roshani na milango ya msaji iliyotiwa nakshi. Fundi alipoitwa na Muislamu, aliacha sanamu, akachonga maua, majani na miraba. Dini zao zilikuwa mbali mbali, lakini mwenye nyumba alipata haki yake, na fundi akapata yake.

Ufundi huo ulivuka bahari pamoja na biashara. Ndiyo sababu Zanzibar, miongoni mwa milango ya karne ya 19, imo iitwayo ya Kigujarati: ina vipande vya mraba, na mbao zake hukunjwa.

Sehemu kubwa ya elimu hii haikutunzwa vitabuni. Mtoto aliipokea kwa kumtazama baba yake. Sasa saruji na chuma vimeshika nafasi ya msaji. Nyumba nyingi za Ahmedabad zimebomolewa, na nakshi zake zikauzwa vipande vipande. Mwaka 2017 UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Ni heshima kubwa, lakini orodha haimfundishi mtoto kushika patasi.

Nasi wa pwani tunapitiwa na wanunuzi wa milango ya kale. Mama mwenye nyumba, kabla hujasikiliza bei, waite wanao mbele ya mlango. Waonyeshe miimo, mfaa na kizingiti. Waambie nani aliuagiza na fundi alitoka wapi, kama wazee bado wakumbuka. Kisha yaandikwe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.