Kalamu ya Mtendaji na Kura ya Diwani

Mgololo, wilayani Mufindi, kuna kiwanda cha karatasi kilichojengwa kwa fedha za umma na kuanza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980, kisha kikabinafsishwa. Penye mali kama hiyo pana ushuru, na penye ushuru pana swali: nani asimamie matumizi yake, mtendaji aliyeteuliwa au diwani aliyechaguliwa?

Swali hilo si geni. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa katika mpango wa Madaraka Mikoani, na kazi zake zikakabidhiwa watendaji wa Serikali. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba hilo lilikuwa kosa. Sheria za mwaka 1982 zilizirejesha, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984.

Hata hivyo, mizani bado imeelemea upande mmoja. Mkurugenzi Mtendaji huteuliwa na Rais. Ndiye afisa masuuli, na ndiye katibu wa Baraza la Madiwani. Barabara za wilaya nazo, tangu mwaka 2017, zimo mikononi mwa TARURA. Lakini barabara ikikatika wakati wa masika, mwananchi humwendea diwani. Kalamu ni ya mtendaji. Lawama ni za diwani.

Dawa si kumkabidhi diwani kila kitu. Diwani anayeshinikiza ndugu yake apewe zabuni anawadhulumu wapiga kura sawasawa na mtendaji anayeficha hesabu. Utaalamu una mahali pake, na uheshimiwe.

Lakini utaalamu usigeuzwe pazia. Sheria inamtaka diwani ajue kusoma na kuandika. Haimtaki awe mhasibu. Kwa hiyo ni wajibu wa mweka hazina kumfikishia makabrasha mapema, kwa Kiswahili kinachoeleweka, wala si asubuhi ya kikao. Ushuru wa huduma hutozwa kama asilimia ya mauzo. Kila robo mwaka Baraza lielezwe bayana: kila mlipaji mkubwa alidaiwa kiasi gani, amelipa kiasi gani, na fedha hizo zimekwenda kijiji gani. Diwani naye azipeleke taarifa hizo kwenye mkutano wa hadhara, asizikalie.

Mtendaji anaweza kuhamishiwa wilaya nyingine kesho. Wananchi wa Mgololo watabaki palepale, na barabara yao, zahanati yao na shule yao. Hao ndio wenye halmashauri, na ni haki yao kupewa hesabu.