Kariakoo Ni Yetu Pia

Asikiapo mtu wa Soni habari za majengo ya Dar es Salaam, huenda akadhani kuwa hayo ni mambo ya watu wa mjini yasiyomhusu. Sisi twaona kinyume chake. Malori yanayoteremka kutoka Soni kwenda Mombo, yakiwa yamesheheni kabichi, karoti, viazi na matenga ya nyanya, hayaendi kumwaga mzigo wake jangwani. Yanaupeleka sokoni, na soko ni jengo lililochorwa na mtu na kujengwa kwa mikono ya watu. Likijengwa vema, mkulima hupata. Likijengwa ovyo, au likiteketea, hasara yake hupanda mlima hadi mlangoni pa mkulima.

Jina lenyewe la Kariakoo ni kumbukumbu ya wafanyakazi. Latokana na neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambao Waingereza waliwakusanya katika Vita Kuu ya Kwanza ili wabebe mizigo ya jeshi. Maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi, na wengi makaburi yao hayajulikani. Mahali pa kambi yao ndipo palipokuja kuwa soko. Baada ya Uhuru, taifa lilipoamua kujenga hapo soko kubwa, kazi ya kulibuni ilipewa Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Mwalimu Julius Nyerere alilifungua mwaka 1975.

Tutazame jinsi Amuli alivyolifikiri jambo lile. Aliwatazama watu wanaouza na kununua chini ya kivuli cha miti, akajenga miti ya zege. Paa lake alilifanya mithili ya miavuli mikubwa iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake. Hewa ilipita katikati, joto likatoka juu bila mtambo wowote wa kupoza. Mvua iliponyesha, miavuli ile iliyakusanya maji na kuyateremsha hadi kwenye tangi chini ya ardhi. Jengo moja likawa kivuli, kipepeo na kisima. Huu ndio ubunifu tunaousifu, kwa kuwa ulianza na haja ya mtu, kisha ndipo ukatafuta uzuri.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua. Serikali ikatenga zaidi ya shilingi bilioni 28 ili kulikarabati na kujenga jengo jipya kando yake. Twaipongeza hatua hiyo. Lakini fedha peke yake hazijengi soko. Ilala, katika jiji hilohilo, lilijengwa jengo kubwa la ghorofa kwa ajili ya wamachinga, nalo likaitwa kwa jina lao. Wengi wao walikataa kuingia, au waliingia kisha wakatoka. Kwa maana mteja wa machinga yuko njiani, hapandi ngazi kutafuta soksi. Nguzo za jengo lile ni imara, ila mwenye kulitumia hakusikilizwa vya kutosha.

Lipo kosa jingine kubwa kuliko hilo. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka, likaua watu 36. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la biashara la ghorofa 4 likaanguka Kariakoo, watu wakiwa wamo ndani wakifanya kazi zao. Waokoaji waliwapelekea maji na hewa ndugu waliofukiwa chini, wakachimba siku kadhaa. Hata hivyo, roho zisizopungua 29 zilipotea. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza majengo yote ya Kariakoo yakaguliwe.

Wako watakaosema kuwa ukaguzi na vibali huchelewesha maendeleo, na kwamba mwenye fedha zake ajenge apendavyo katika kiwanja chake. Hoja hiyo hatuikubali. Jengo la biashara, ingawa hati yake ni ya mtu mmoja, uzito wake huwakalia wengi: muuzaji wa duka la kupanga, mchukuzi, mama aliyekwenda kununua sare za shule, na fundi aliyeagizwa kuchimba chini ya msingi na kuogopa kukataa asije akakosa mkate wake. Hawa ndio wanaozikwa na kifusi. Mtu hawezi kuita mali yake kitu kinachoweza kuua majirani zake, kisha akadai asiulizwe.

Wala tusivutwe na minara ya vioo kwa sababu tu imekwenda juu. Katika jiji la joto kama Dar es Salaam, ukuta wa kioo huliita jua lingie ndani, kisha umeme hununuliwa ili kulitoa. Tukiiga umbo lililozaliwa katika nchi za baridi, twaiga pia gharama yake.

Basi, twataka mambo matatu. Kwanza, ukaguzi usiwe wa baada ya maafa tu. Uwe desturi, na matokeo yake yatangazwe kwa wananchi kwa Kiswahili kinachofahamika. Pili, kabla soko halijachorwa, wauzaji, wachukuzi na wakulima waitwe watoe maoni yao, wakiwamo wa kutoka Usambara. Tatu, fundi akataaye kuvunja kanuni za ujenzi alindwe na chama chake cha wafanyakazi, wala asifukuzwe kazi kwa kuokoa maisha ya watu.

Nasi wa milimani tusijidhani tuko salama. Hapa Soni tunajenga kwenye miteremko, mvua zetu ni nyingi, na udongo wetu huteleza. Maduka ya ghorofa yakianza kupanda kando ya barabara, maswali yatakuwa yaleyale: nani amechora, nani amepima udongo, maji ya paa yatapita wapi? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Twawasihi wanachama na wafanyakazi wote wayaulize maswali haya katika mikutano ya vijiji na katika mabaraza ya madiwani, tangu siku mawe ya msingi yanapoletwa, wakati ambapo kusahihisha bado ni rahisi.