Msituambie "Ni Vichekesho Tu"

Mkanda niliupata Somanda, hapa Bariadi, ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge. Mtu alikuwa ameandika ubavuni kwa kalamu: MZEE SMALL. USIFUTE. Chini yake: Bariadi, Shinyanga. Maana yake uliandikwa kabla ya mwaka 2012, mkoa wa Simiyu ulipokuwa haujazaliwa.

Kupata deki ya kuuchezea ilikuwa kazi nyingine. Fundi mmoja karibu na stendi alikuwa nayo, imejaa vumbi. Tukauweka. Ikatoka harusi. Saa nzima ya harusi: maharusi, keki, mashangazi wanacheza, mshenga anatoa nasaha. Kisha chenga. Halafu, mwishoni kabisa, dakika sita za Mzee Small, picha inaruka na sauti inayumba kama mlevi.

Nilimuuliza mama mwenye mkanda, ilikuwaje? Akacheka. "Mwanangu, mkanda ulikuwa bei. Na harusi haisubiri."

Mama huyo simlaumu. Ndiye pekee aliyenitunzia dakika sita. Ninaogombana nao ni wale wanaoniuliza, tena wasomi wenzangu, "Sasa unahangaika na nini? Ni vichekesho tu."

Tuanze na hilo "tu". Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969. Nakala moja ikiliwa na mchwa Bariadi, nyingine ipo Dar es Salaam, nyingine ipo Nairobi. Kichekesho cha runinga hakina bahati hiyo. Sehemu kubwa ya utamu wake huzaliwa papo hapo: mwigizaji anapewa kisa, maneno anayatafuta mwenyewe mbele ya kamera. Hakuna kitabu nyuma yake. Kwa hiyo mkanda ndio muswada, na ndio chapa ya kwanza na ya mwisho. Ukiufuta, umechoma kitabu ambacho nakala yake ilikuwa moja.

Najua jibu la pili: "Si vipo YouTube?" Haya, nenda. Utakuta vipande. Kipande cha dakika tatu, hakina mwanzo, hakina tarehe, waigizaji hawatajwi, jina la aliyetunga kisa ndiyo kabisa. Kimepandishwa na mtu aliyekipata kwa mtu. Siku akaunti ikifungwa, kimekwenda. Hilo si hifadhi, ni jalala lenye bahati. Mzee Small alipofariki mwaka 2014, na King Majuto mwaka 2018, tulilia wote. Ukitaka leo kuifuata safari ya sanaa yao mwaka kwa mwaka, kama unavyomfuata Shaaban Robert kitabu kwa kitabu, utaanzia wapi?

Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tuna hasara yetu ya pekee. Mnajua wenyewe Msukuma anavyochorwa kwenye vichekesho: mshamba aliyeshuka mjini, anashangaa ghorofa, lafudhi imevutwa mpaka inakatika. Nimecheka sana, sikatai. Utani ni mila yetu. Lakini kuna kuchekwa na kuna kucheka. Futuhi iliporushwa na Star TV kutoka Mwanza, kichekesho kilikuwa kinatengenezwa huku huku, na watu wanaoijua lafudhi hiyo kutoka nyumbani. Je, Msukuma alibadilika alipochekeshwa na wa kwao? Au na wao waliuendeleza utani ule ule wa Dar? Hilo ni swali la fasihi, zito kama swali lolote la riwaya. Huwezi kulijibu kwa kumbukumbu za kijiweni. Unahitaji vipindi vyenyewe, vingi, kwa mfululizo wake.

Mwaka 1988 Elias Songoyi aliandika tasnifu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila. Hakusema "ni ngoma tu". Alimchukua Kalikali, mwimbaji wa Kisukuma, akamsoma kama msanii mwenye la kusema mbele ya dola. Tuna deni kwa kazi za namna hiyo. Mbona mchekeshaji wa runinga hatumpi heshima hiyo? Tunangoja nini, afe kwanza?

Na wasituambie umaskini ndio uliotuponza. BBC yenyewe, pamoja na fedha zake, ilifuta kanda kwa sababu ile ile ya mama wa Somanda: kanda ilikuwa ghali, ikatumiwa tena. Hadi leo vipindi vitatu vya Dad's Army, kichekesho maarufu cha Uingereza, havijulikani viliko. Tofauti ni kwamba wenzetu waliona aibu wakaanza kutafuta. Mwaka 2001 vipindi viwili vya Dad's Army vilirudi kutoka mikononi mwa watu binafsi. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa vipindi tisa vya Doctor Who vilivyopotea vimepatikana Jos, Nigeria. Yaani Afrika imewatunzia Waingereza runinga yao, halafu ya kwetu tunairekodia harusi juu yake!

Runinga ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Zaidi ya miaka 30 sasa. Ukichapisha kitabu nchini, unatakiwa kupeleka nakala Maktaba ya Taifa. Nataka kipindi cha runinga kidaiwe vivyo hivyo, na sheria ikiwa haisemi hivyo, ibadilishwe iseme. Nataka kila kituo kitoe orodha tu, hata kama hakitoi picha: tunacho hiki, hiki hatuna. Orodha haigharimu mtambo.

Na nyinyi mnaosoma hapa, fungueni masanduku. Anzeni na Bariadi, Maswa, Lamadi, kwa yule mjomba aliyekuwa na dishi mtaa mzima ukajaa sebuleni kwake. Mkanda wenye ukungu msiuchomeke kwenye deki. Mpelekeeni fundi anayejua kuusafisha. Andikeni nani anaonekana, kituo gani, mwaka gani. Waulizeni wazee wakiwa bado wapo.

Zile dakika sita nimezihamishia kwenye flashi tatu. Moja ninayo mimi. Moja nimemwachia mama, ameiweka kwenye sanduku lile lile la bati. Ya tatu nimetembea nayo kutafuta ofisi ya umma itakayoipokea, iiandikie namba na kunipa risiti. Bado iko mfukoni.