Jembe halijui 40-30-30

Leo naomba tuweke pembeni mbolea na viwavijeshi vamizi, tuongelee sahani.

Ule mpango wa kula wa 40-30-30 umeingia kwenye simu za kijiji chetu kwa kasi. Kwa asiyeujua: nishati ya kila mlo, asilimia 40 itoke kwenye wanga, 30 kwenye protini, 30 kwenye mafuta. Aliyeutangaza ni Barry Sears, mwanabayokemia wa Marekani, kwenye kitabu chake The Zone cha mwaka 1995.

Siubezi. Dada mmoja mshona nguo hapa senta ameufuata miezi minne, amepungua, na anasema ule usingizi wa mchana umekwisha. Mimi mwenyewe niliujaribu wiki tatu (pikipiki ya kazi imenipa kitambi) na suruali ikalegea kidogo.

Kilichonifanya niandike ni mama wa kikundi chetu cha mahindi, ananyonyesha mtoto wa miezi mitano. Aliacha ugali kabisa. Siku ya palizi ya pili nilimkuta chini ya mwembe, kizunguzungu kimemshika, jembe limelala pembeni. Asubuhi alikula yai moja na nusu parachichi. Na debe la maharage ameuza, apate hela ya kununua kuku wa kisasa.

Jioni nikachukua kalamu. Gramu 200 za unga wa mahindi, ambazo mtu wa jembe anazimaliza bila shida, zina wanga kama gramu 150. Kwa hesabu ya 40 kwa 30, wanga huo unadai protini kama gramu 112. Unga wenyewe unatoa kama 16. Zilizobaki ni sawa na mayai 16, kwa mlo mmoja! Maharage nayo hayakuokoi kwenye hesabu hiyo, maana yana wanga zaidi ya mara mbili ya protini yake. Inabaki njia moja tu, ugali upungue hadi tonge mbili tatu. Ndiyo maana mpango huu kwa kawaida unampa mwanamke takribani kalori 1,200 kwa siku. Wa cherehani atazimudu. Anayepalilia huku ananyonyesha atazimudu vipi?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kuna kipimo kizuri humo ndani: protini iwe kama kiganja chako, mboga zijaze sehemu kubwa ya sahani. Hicho kichukueni, asilimia waachieni wenye mizani. Unayeshinda umekaa, punguza ugali. Unayelima, ugali ubaki, maharage yabaki, ongeza kiganja cha dagaa, mchicha na karanga za kutwanga. Mbona vyote tunavyo?

Mwenye kutumia dawa za kisukari asipunguze wanga kabla ya kuongea na kliniki. Dawa ileile kwa chakula kidogo inaweza kushusha sukari hadi mtu azimie.

Yule mama amerudia ugali. Jumamosi saa nne tunakutana ghalani kuweka maharage kwenye mifuko ya kinga njaa, njooni na magunia yenu. Atakayetaka tupime sahani kwa mkono, nitakuwepo hadi saa nane.