Gondolin: Kilichookoka ni Kilichotoka

Toleo hili linahusu miji ya kubuni iliyotekwa: ilivyojengwa, ilivyotawaliwa, na watu wake walivyoishi baada ya adui kuingia. Tumeanza na Gondolin, mji-dola wa milimani uliobuniwa na J. R. R. Tolkien, kwa sababu anguko lake linajulikana kuliko maisha yake. Muulize msomaji nani aliuangusha, atakujibu Maeglin, mpwa wa mfalme aliyemfunulia adui njia. Methali iko mdomoni tayari: kikulacho ki nguoni mwako. Sikatai. Lakini usaliti wa Maeglin ulipata pa kumea katika sheria ya mji wenyewe. Gondolin ulijifungia ili uhifadhi utamaduni wake, na kinyume chake ndicho kilichotokea: waliouhifadhi utamaduni huo ni wale waliotoka.

Tuanze na ujenzi. Turgon, mfalme wa Waelfi wa kabila la Noldor, aliongozwa na Ulmo, bwana wa maji, hadi bonde la Tumladen, ambalo milima ya Echoriath imelizunguka pande zote. Katikati ya bonde kuna kilima cha mawe kiitwacho Amon Gwareth. Hapo, kwa miaka 52 ya kazi ya siri, pakajengwa mji wa kuta nyeupe, ngazi ndefu na chemchemi. Mfano wake ulikuwa Tirion, mji wa ng'ambo ya bahari walikotoka Noldor kabla ya kuwa wahamishwa. Katika makao ya mfalme palisimama miti miwili, Glingal wa dhahabu na Belthil wa fedha, aliyoifua Turgon mwenyewe kwa ukumbusho wa miti ya nuru iliyoangamizwa na Morgoth, adui yao mkuu.

Hapa ndipo penye kiini cha utamaduni wa Gondolin. Watu wake hawakuwa wenyeji wa milima ile. Kila walichokisifia, kuanzia ramani ya mji hadi miti ya uani, kilisafiri barafuni katika vichwa vya watu waliotoka kwao. Walikuwa ushahidi hai kwamba utamaduni unaweza kubebwa. Kisha wakatunga sheria ya kuuzuia usibebwe tena: aliyeijua njia ya kuingia hakuruhusiwa kutoka.

Sheria hiyo ilipimwa mara ya kwanza katika nyumba ya mfalme. Aredhel, dada yake Turgon, alichoka kufungiwa, na mfalme akamwachia kwa shingo upande. Huko nje alikutana na Eöl, mhunzi wa msitu wa Nan Elmoth, akamzalia mwana, Maeglin. Mama na mwana waliporudi Gondolin kwa siri, Eöl aliwafuata. Turgon akamwekea mambo mawili: akae mjini hadi mwisho wa maisha yake, au afe. Eöl alichagua kifo, chake na cha mwanawe, akarusha mkuki. Aredhel akajitupa mbele ya kijana. Mkuki ulikuwa na sumu, na usiku ule akafariki. Siku iliyofuata Eöl alitupwa kutoka kwenye jabali la Caragdûr, mwanawe akitazama.

Msomaji atazame vizuri kilichofanyika. Kwa siku mbili tu sheria ya kuulinda mji ilikuwa imemfanya yatima kijana ambaye baadaye angeuuza. Maeglin alikua akawa mtu wa heshima, fundi wa madini na shujaa wa vita. Kati ya malango saba yaliyolinda njia ya kuingilia, ya mbao, jiwe, shaba, chuma, fedha, dhahabu na pua, lile la mwisho alilibuni yeye. Mji ulimwamini fundi wa lango na haukuuliza moyo wake umefungwa vipi. Alipovuka milima kutafuta madini, kinyume cha amri ya mfalme, akakamatwa na watumwa wa Morgoth. Tishio la mateso lilimvunja, na ahadi ya kupewa Gondolin pamoja na Idril, binti wa mfalme, ikamaliza yaliyosalia.

Kuna hoja nzito dhidi yangu, nami sitaikwepa. Kujificha kuliufaa mji. Gondolin ulidumu karibu miaka 400, tangu mwaka 116 hadi 510 wa Enzi ya Kwanza, na ulikuwa bado umesimama baada ya falme nyingine za Waelfi, Nargothrond na Doriath, kuanguka. Isitoshe, Ulmo mwenyewe ndiye aliyeshauri siri hiyo. Mwenye hoja hii ana haki. Ila Ulmo alimpa Turgon ushauri wa pili pia, kwamba asiipende kupita kiasi kazi ya mikono yake, na alimwahidi kuwa saa ya hatari ikikaribia atatumwa mtu wa kumwonya. Siri ilikuwa na muda wake. Kosa lilikuwa kugeuza mbinu ya vita kuwa desturi, na desturi kuwa fahari.

Mjumbe alifika, jina lake Tuor, binadamu kati ya Waelfi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Gondolin ulilifuata neno la kwanza la methali hiyo tu. Tuor alikaribishwa, akapewa heshima, hata akamwoa Idril. Ujumbe wake, kwamba mji uachwe na watu waelekee baharini, ukakataliwa. Turgon aliogopa kuiacha kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, na barazani Maeglin alimuunga mkono. Aliyesikiliza alikuwa Idril. Aliamuru ichimbwe njia ya siri chini ya mji, na akahakikisha Maeglin haijui.

Shambulio lilikuja usiku wa kuamkia sikukuu ya kiangazi, watu wakiwa kwenye kuta wakingoja kulilaki jua kwa nyimbo. Wakaona mwanga mwekundu, lakini ulitoka kaskazini, si mashariki. Majeshi ya Morgoth yalivuka milima mahali ilipokuwa mirefu kupita kote, ambapo ulinzi ulikuwa mwepesi kwa sababu hakuna aliyedhani pangepitika. Turgon alikufa mnara wake ulipoporomoka. Tuor, Idril na mtoto wao Eärendil wa miaka saba waliongoza mabaki ya watu kupitia njia ile ya chini.

Sasa tuhesabu kilichookoka. Nyimbo na majina ya waliokufa yalihifadhiwa na wakimbizi, ambao walifanya karamu ya kumbukumbu huko Nan-tathren kabla hawajafika kwenye midomo ya mto Sirion, walikochanganyika na wakimbizi wa Doriath. Eärendil alivuka bahari na kuombea Waelfi na binadamu msaada uliomwangusha Morgoth. Mwanawe Elrond aliweka nyumba ya elimu na hifadhi ya habari za kale huko Rivendell. Panga mbili za Gondolin, Glamdring na Orcrist, zilikutwa maelfu ya miaka baadaye katika pango la majitu, kama inavyosimuliwa katika The Hobbit cha mwaka 1937, na Elrond huyohuyo ndiye aliyeyasoma maandishi yake. Miti ya dhahabu na fedha, chemchemi na malango saba havikumfikia mrithi yeyote.

Mwandishi aliyabuni haya akiwa na sababu ya kufikiri juu ya maangamizi. Tolkien aliandika hadithi ya kwanza ya Gondolin kati ya mwisho wa 1916 na 1917, akiuguzwa Uingereza baada ya vita vya Somme, ambako vifaru vilitumika vitani kwa mara ya kwanza. Katika andiko hilo majoka ya chuma hubeba askari tumboni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianza kuisimulia upya kwa urefu, akaacha Tuor akiwa amepita lango la mwisho na kuuona mji kwa mbali. Christopher Tolkien, mwanawe, ndiye aliyezikusanya nuskha zote katika kitabu kimoja mwaka 2018. Hata nje ya hadithi, Gondolin umetufikia vipandevipande, mikononi mwa mrithi.

Sisi wa Kiswahili tunacho kipimo chetu cha kuweka kando yake. Katika Kusadikika, Shaaban Robert alibuni nchi ielayo angani, ambayo iliwatuma wajumbe sita nje walete maarifa, kisha ikawafunga gerezani waliporudi. Karama aliwatetea barazani hadi mfalme akasikia, na wajumbe wakafunguliwa. Gondolin na Kusadikika zilikuwa na ugonjwa mmoja: kumwogopa aliyeona ya nje. Moja ilikubali dawa ikiwa bado na serikali ya kuinywa. Nyingine ilimheshimu tabibu na kuiacha dawa mezani.

Ndiyo maana makala za toleo hili hazikukaa sana kwenye idadi ya askari na urefu wa kuta. Tuliwaomba waandishi waulize nani alikuwa na ruhusa ya kutoka, nani alifundishwa nyimbo, madini yalitoka wapi, na mgeni alipopinga alijibiwa nini. Waandishi wetu wachanga wanaobuni falme za milimani nao tunawasihi waanzie hapo. Mji wa kubuni ambao msomaji anaujua kwa kuta zake tu ukitekwa, atahesabu maiti na kufungua ukurasa unaofuata. Akiijua sheria yake na walioumizwa nayo, ataweza kuamua mwenyewe kama ulistahili kuokolewa, na ni akina nani humo ndani waliokwisha kuanza kuuokoa kabla adui hajafika.